Sintesaiza Imenyamaza Baada ya Sasisho: Mwongozo Kamili wa Kuirudisha

Kompyuta imejisasisha usiku. Asubuhi unafungua wimbo wako wa MIDI, unabofya kitufe cha kucheza, mstari unapita juu ya noti kama kawaida, na hakuna kinachosikika. Au kinasikika kitu kingine kabisa: fidla ulizozichagua kwa makini zimegeuka mlio mwembamba, na ngoma zinasikika kama mtu anayegonga meza. Mara ya kwanza hilo la pili liliponipata, nilishinda mchana mzima nikihangaika na spika na kebo, kwa sababu sauti ilikuwepo. Kumbe sintesaiza yangu haikuwa imepiga hata noti moja. Mfumo ulikuwa umeiweka kando na kuikabidhi kazi sintesaiza nyingine iliyokuja nao.

Mwongozo huu ni wa anayetumia sintesaiza ya programu kama kifaa cha MIDI cha mfumo mzima, awe anacheza mafaili ya zamani, anatunga, au anafanya mazoezi kwa kinanda kilichounganishwa na kompyuta. Nitakaa zaidi kwenye Windows, maana ndiko tatizo hili linakorudi mara kwa mara, kisha nitapita macOS na Linux.

Kinachoharibika hasa

Faili la MIDI halina sauti ndani yake. Lina maagizo tu: kwenye chaneli ya 1 piga noti 60 kwa nguvu ya 90, sasa iachie. Kazi ya kugeuza agizo kuwa sauti ni ya sintesaiza, na kati ya agizo hilo na sikio lako kuna vituo vitano: programu inayocheza wimbo, orodha ya vifaa vya MIDI iliyo ndani ya mfumo endeshi, draiva ya sintesaiza (programu ndogo inayouunganisha mfumo na sintesaiza), faili la SoundFont lenye sampuli za vyombo, na mwisho kifaa cha kutolea sauti.

Sasisho kubwa la mfumo linafanana na kuhama nyumba. Mfumo mpya unawekwa, halafu vitu vya zamani vinahamishwa kufuatana na orodha ya vile unavyovijua. Usivyovijua unaweza kuviacha nyuma. Kwa hiyo mara nyingi draiva yako haijaharibika hata kidogo. Faili lake lipo palepale kwenye diski, zima kabisa. Kilichofutika ni mstari mmoja unaouambia mfumo kwamba draiva hiyo ipo.

Ndiyo maana nakusihi usianze kwa kusakinisha upya. Najua ndiyo dawa ya kwanza inayomjia kila mtu, na wakati mwingine inafaulu. Lakini inaweza kufuta mipangilio yako ya SoundFont, inaweza kuacha mistari miwili ya draiva moja, na ikishindwa hujui hata umeshindwa wapi. Tafuta kwanza kituo kilichokatika. Kazi yenyewe ni ya dakika kumi.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kugusa

Cheza kwanza wimbo wa kawaida wa MP3. Ukinyamaza nao, tatizo ni la sauti ya kompyuta nzima, si la sintesaiza. Shughulikia hilo kwanza.

MP3 ikisikika, fungua programu ya MIDI inayokuruhusu kuchagua kifaa cha kutolea. Windows Media Player haifai hapa, kwa kuwa hupeleka kila kitu kwenye kifaa cha msingi bila kukuuliza. Angalia orodha ya vifaa vya MIDI, kisha chagua Microsoft GS Wavetable Synth, ambayo huja na Windows. Sampuli zake zimo kwenye faili moja liitwalo gm.dls, lenye takriban MB 3 tu, na udogo huo ndio unaoleta ule mlio mwembamba nilioutaja. Ikipiga, ujue njia ya MIDI ya mfumo ni nzima.

Sasa tazama kama jina la sintesaiza yako limo kwenye orodha hiyo. Halimo? Mstari wake umefutika, nenda Hatua ya 2. Limo lakini hakuna sauti? Ruka hadi Hatua ya 4. Limo, sauti ipo, ila inakatikakatika au inachelewa? Hatua ya 5. Linaonekana kwenye programu moja na kukosekana kwenye nyingine? Hilo ni jambo la biti 32 na 64, na liko Hatua ya 3.

Hatua ya 2: Rudisha mstari uliofutika kwenye Windows

Draiva nyingi za sintesaiza za siku hizi, kama VirtualMIDISynth na OmniMIDI, si draiva za kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi. Ni mafaili ya DLL, yaani vipande vya programu vinavyopakiwa ndani ya programu inayocheza wimbo. Windows huyajua kupitia ukurasa mmoja wa rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows) uitwao Drivers32.

Kabla ya kuugusa, fungua programu ya mipangilio iliyokuja na sintesaiza yako. Baadhi zina kitufe au programu ndogo ya kujiandikisha upya kwenye mfumo. Kama yako inayo, itumie kwa mamlaka ya msimamizi, funga programu ya muziki, ifungue tena, na huenda ukaishia hapo.

Kama haina, au imekataa, fungua Command Prompt kwa mamlaka ya msimamizi na uhifadhi kwanza hali ilivyo sasa:

    reg export "HKLM\SOFTWARE\Microsoft\Windows NT\CurrentVersion\Drivers32" C:\drivers32-64.reg

    reg export "HKLM\SOFTWARE\WOW6432Node\Microsoft\Windows NT\CurrentVersion\Drivers32" C:\drivers32-32.reg

Kisha fungua regedit na uende kwenye ukurasa wa kwanza kati ya hizo mbili. Utaona safu ya majina kushoto na thamani kulia. Mstari wa midi una thamani wdmaud.drv: hiyo ni draiva ya Windows yenyewe, usiiguse. Mstari wa midimapper una midimap.dll: nao uache. Mistari inayoanza na wave, mixer, aux na msacm haituhusu. Ukiiharibu utapoteza sauti ya kompyuta nzima.

Tunachotafuta ni midi1, midi2, na kuendelea hadi midi9. Ukihesabu na ile midi ya kwanza, nafasi ni 10, hakuna ya 11. Moja kati ya hizo inapaswa kuwa na jina la faili la DLL la sintesaiza yako, mara nyingi likitanguliwa na jina la folda yake. Kama hakuna, thibitisha kwanza kwamba faili lenyewe bado lipo ndani ya C:\Windows\System32 au kwenye folda ndogo iliyo ndani yake. Likiwepo, tengeneza mstari mpya wa aina ya String, uupe jina la nafasi ya kwanza iliyo tupu, tuseme midi1, na uandike thamani kama ilivyokuwa zamani.

Thamani hiyo usiibuni. Chukua kwenye nakala uliyohifadhi siku za nyuma, kwenye kompyuta nyingine yenye sintesaiza ileile, au kwenye maelezo ya mtengenezaji. Alama moja ikikosewa Windows haitakulalamikia; itaupita mstari huo kimya kimya.

Kuna jambo moja linalowachosha watu sana hapa: kukuta nafasi zote 10 zimejaa. Draiva za kadi za sauti na vifaa ulivyoviondoa zamani huacha mistari yao, na pengine wdmaud.drv imejirudia mara kadhaa. Sintesaiza yako ikija inakosa pa kukaa. Ukikuta hivyo, acha mstari wa midi ulivyo, kisha ondoa mmoja mmoja mistari inayotaja DLL isiyokuwepo tena kwenye diski au inayorudia jina lilelile. Baada ya kila mmoja, fungua programu ya muziki uone. Usifute mitano kwa mpigo.

Orodha hii husomwa programu inapofunguka, kwa hiyo funga programu ya muziki kabisa kabla ya kujaribu. Kama jina bado halionekani, zima na uwashe kompyuta mara moja.

Kurudi kwenye orodha si sawa na kuwa kifaa cha msingi. Tangu Windows Vista, sehemu ya kuchagua kifaa cha msingi cha MIDI iliondolewa kwenye Control Panel, na programu za zamani zisizo na menyu ya kuchagua zitaendelea kupeleka noti kwa Microsoft GS. Kwa programu hizo utahitaji kifaa cha kuelekeza kama CoolSoft MIDIMapper, na baada ya sasisho kubwa kikague nacho, maana kinaweza kupotea kwa njia ileile.

Hatua ya 3: Biti 32 na biti 64

Windows ya biti 64 ina orodha mbili za Drivers32, ndiyo sababu tulihifadhi mafaili mawili. Programu ya biti 64 husoma ya kwanza. Ya biti 32 husoma ile iliyo chini ya WOW6432Node. Sasisho linaweza kuacha moja na kufuta nyingine, nawe ukaona sintesaiza kwenye mchezo wa zamani usiione kwenye programu ya kutungia.

Majina ya folda yanachanganya, basi yashike vizuri: mafaili ya biti 64 yanakaa System32, na ya biti 32 yanakaa SysWOW64. Ndiyo, ni kinyume na majina yanavyodokeza. Ukiweka DLL ya biti 32 ndani ya System32, mstari wa rejista utakuwa sahihi, faili litakuwepo, na bado hakuna kitakachopakiwa. Hakikisha kila orodha ina mstari wake na kila folda ina faili lake.

Hatua ya 4: Jina lipo, sauti hakuna

Hapa mtuhumiwa wa kwanza ni SoundFont. Draiva imepakiwa, inapokea noti, lakini haina sampuli za kupiga. Fungua mipangilio yake uangalie njia ya faili la .sf2. Sababu ninazokutana nazo zaidi ni tatu. Herufi ya diski ya nje imebadilika, iliyokuwa E: sasa ni F:. Au folda ya Documents imehamishiwa OneDrive, na faili limebaki kwenye wingu huku kwenye diski kuna jina tu. Au mipangilio yenyewe imerudi kuwa mitupu, na orodha ya SoundFont haina kitu.

Dawa ya kudumu ni kuweka SoundFont zote kwenye folda fupi isiyo ya mtumiaji yeyote, kwa mfano C:\SoundFonts, na kuzielekeza huko. Njia haina nafasi wala herufi za ajabu, na hakuna huduma ya wingu inayoigusa.

Angalia pia ukubwa. Programu ya biti 32 kwa kawaida ina GB 2 tu za kumbukumbu kwa ajili ya kila kitu chake. SoundFont ya GB 1.5 inaweza kukataa kupakiwa humo hata kama kompyuta yako ina GB 32. Jaribu na SoundFont ndogo ya MB 30. Ikipiga, umepata jibu.

Na kabla ya kuondoka kwenye hatua hii, fungua historia ya programu yako ya kuzuia virusi. Baada ya sasisho kubwa huwa inachunguza upya, na DLL inayojipakia ndani ya programu nyingine inaweza kutiliwa shaka na kuwekwa karantini. Irudishe tu kama ulipakua draiva kwa mtengenezaji mwenyewe.

Hatua ya 5: Sauti inakatika au inachelewa

Sasisho likiweka draiva mpya ya kadi ya sauti, linaweza kubadilisha kifaa cha msingi cha kutolea na kiwango cha sampuli. Kama sintesaiza imepangwa 44100 Hz na kifaa sasa kiko 48000 Hz, vipange vyote viwili viwe sawa. Angalia pia sauti isije ikawa inaelekezwa kwenye skrini ya HDMI isiyo na spika.

Kuhusu bafa, yaani akiba ndogo ya sauti inayoandaliwa kabla ya kutolewa, hesabu ni rahisi: gawanya idadi ya sampuli kwa kiwango cha sampuli. Sampuli 480 kwa 48000 Hz ni milisekunde 10, na wapiga kinanda wengi hawatausikia ucheleweshaji huo. Sampuli 2400 ni milisekunde 50, na hapo vidole vinaanza kuhisi kinanda kizito. Ikiwa sauti inakwaruza, ongeza bafa kidogo kidogo hadi mikwaruzo iishe, usimame hapo. Kwa anayesikiliza mafaili tu, milisekunde 50 hazina madhara.

Draiva za zamani zenye faili la .sys

Zipo sintesaiza za miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 zilizoandikwa kama draiva za kerneli. Hizi ni habari nyingine. Windows ya biti 64 haikubali draiva ya kerneli isiyo na saini, na tangu Windows 10 toleo la 1607, la mwaka 2016, masharti ya saini yalikazwa zaidi. Kwenye Device Manager utaona pembetatu ya njano na kosa la Code 52, yaani saini haikuthibitishwa, au Code 39, draiva imeshindwa kupakiwa. Kinga ya Memory Integrity nayo huzuia draiva za kerneli zisizopatana nayo.

Utakutana na ushauri wa kuzima ukaguzi wa saini au kuzima kinga hiyo. Mimi sikushauri. Unafungua mlango wa kerneli kwa kila kitu ili upate mlio mmoja wa zamani, na sasisho lijalo litaufunga tena. Tafuta sintesaiza hiyohiyo katika umbo la plagini ya VST, yaani nyongeza inayofunguka ndani ya programu ya muziki, au SoundFont iliyotengenezwa kuiga mlio wake, kisha uipelekee noti kupitia poti ya MIDI ya kubuni kama loopMIDI. Utachukua saa moja kuipanga, lakini haitategemea tena kuvumiliwa na mfumo.

macOS

Huku orodha ya aina ya Drivers32 haipo. Sintesaiza nyingi ni plagini za Audio Unit, umbo la Apple lenyewe. Angalia kwanza umri wake. macOS Catalina, iliyotoka Oktoba 2019, iliondoa kabisa programu za biti 32, na plagini ya biti 32 haina njia ya kurudi isipokuwa toleo jipya.

Kama plagini yako ni VST iliyoandikwa kwa chipu za Intel na kompyuta ni ya Apple silicon, yaani chipu za Apple yenyewe, programu nyingi za muziki zikifunguliwa katika hali yake ya asili haziwezi kuipakia VST hiyo. Bofya programu ya muziki, fungua maelezo yake, na uchague ifunguliwe kwa Rosetta, kitafsiri cha Apple cha programu za Intel. Fanya hivyo kama daraja tu: mwaka 2025 Apple ilitangaza kwamba Rosetta kama tunavyoijua itaishia kwenye macOS 27. Tafuta mapema toleo lililoandikwa kwa Apple silicon.

Plagini ikiwa ya umri unaofaa na bado haionekani, fungua Terminal uandike:

    auval -a

Orodha itatokea, sintesaiza zina alama ya aumu. Ikiwemo, endesha auval -v ukifuatiwa na alama tatu zilizoandikwa kwenye mstari wake, usome majibu ya mwisho. Ikiwa imefaulu, tatizo ni kumbukumbu ya muda ya plagini: funga programu ya muziki, ondoa folda ya AudioUnitCache iliyo ndani ya ~/Library/Caches, washa upya kompyuta. Ikiwa SoundFont haisomeki, kumbuka kwamba tangu Catalina programu inahitaji ruhusa kusoma Desktop na Documents. Ihamishie ~/Library/Audio/Sounds/Banks.

Linux

Hapa kinachobadilika ni seva ya sauti. Fedora 34 ya mwaka 2021 ilihamia PipeWire, na Ubuntu ikafuata kwenye 22.10. FluidSynth, sintesaiza ya programu inayotumia SoundFont, ilipata njia yake ya PipeWire kwenye toleo la 2.3. Ianzishe kwa mkono, uone inachosema:

    fluidsynth -a pipewire -m alsa_seq /usr/share/sounds/sf2/FluidR3_GM.sf2

Njia hiyo ya SoundFont ni ya Debian na Ubuntu. Arch huiweka /usr/share/soundfonts. Kwenye dirisha jingine andika aconnect -l. FluidSynth ikionekana, tuseme kwenye 128, cheza kwa aplaymidi -p 128:0 wimbo.mid.

Programu ikilalamika kwamba libfluidsynth.so.2 haipatikani, maktaba imepanda hadi so.3, jambo lililotokea kwenye FluidSynth 2.2. Usitengeneze kiungo cha kuidanganya. Sakinisha toleo jipya la programu inayolalamika. Na ukiambiwa moduli ya snd_seq haipo mara tu baada ya kusasisha kerneli, huenda bado unaendesha kerneli ya zamani ambayo moduli zake zimeshaondolewa. Zima, washa, imekwisha.

Ukishindwa, na kabla ya sasisho lijalo

Windows hukuruhusu kurudi kwenye toleo la awali kwa siku 10 baada ya sasisho kubwa. Ndani ya siku hizo folda ya C:\Windows.old bado ipo, na hata kama hutaki kurudi, unaweza kuchota humo DLL iliyopotea. Usikimbilie kuifuta ili kupata nafasi kabla hujasikia sintesaiza yako ikipiga.

Ukishairudisha, endesha tena zile amri mbili za reg export na uhifadhi mafaili nje ya diski ya mfumo. Siku ya tatizo usiyabofye mara mbili ili yaingie yote: yataandika thamani za zamani juu ya zile mpya ambazo mfumo unazihitaji. Yafungue kwa Notepad, soma mstari wa sintesaiza yako, uuandike huo peke yake. Hifadhi pia kisakinishi cha toleo unalolitumia na picha ya dirisha la mipangilio.

Mwisho, tengeneza faili dogo la MIDI la majaribio: piano kwenye chaneli ya 1, fidla kwenye ya 2, ngoma kwenye ya 10, sekunde 20 zinatosha. Lirekodi kama WAV wakati kila kitu kiko sawa. Baada ya kila sasisho, cheza WAV, kisha cheza MIDI. Fidla zitakazosikika tofauti zitakuambia mapema kwamba noti zimeelekezwa kwingine, kabla hujaanza kufungua kebo.